Mifumo ya korosho itasomanaje bila kipimo kimoja?

Na Mwandishi Wetu, Masasi

MSIMU wa korosho unapofunguliwa mnamo Oktoba, macho ya wakulima wa Masasi na Newala huelekezwa kwenye mizani. Mkulima aliyepalilia na kupulizia salfa miezi mingi anataka kujua jambo moja tu: kilo zake ni ngapi, na fedha zake zitaingia lini.

Zamani jibu la swali hilo lilikuwa katika daftari la karani wa chama cha msingi. Sasa sehemu kubwa ya jibu hilo imo ndani ya kompyuta, na si kompyuta moja. Uzito unaopimwa kijijini husafiri kutoka orodha moja hadi nyingine: chama cha msingi, ghala kuu, chama kikuu cha ushirika, mnada na hatimaye benki.

Kila kituo katika safari hiyo kinaweza kuwa na programu yake, iliyoandikwa na watu wake, kwa wakati wake. Hapo ndipo linapozuka suala ambalo wataalamu wa kompyuta hulijadili kila siku lakini wakulima hulisikia kwa nadra: nani anahakikisha kwamba neno "kilo" katika programu moja lina maana ileile katika programu nyingine?

Makala haya yanaeleza namna zana za kuandaa nyaraka za programu zinavyoweza kutumika kusimamia viwango vya pamoja, na kwa nini jambo hilo linamhusu hata mtu asiyewahi kugusa kompyuta.

Safari ya kilo moja

Biashara ya korosho mkoani Mtwara imekuwa ikiendeshwa kwa utaratibu wa stakabadhi ghalani tangu msimu wa 2007/2008, kufuatia Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005. Mkulima hupeleka korosho ghafi katika chama chake cha msingi, zikapimwa na kupangwa kwa daraja, kisha zikasafirishwa hadi ghala kuu.

Wilaya ya Masasi imo katika eneo la chama kikuu cha MAMCU, ambacho pia hukusanya korosho za Nanyumbu na Mtwara. Newala, iliyoko juu ya uwanda wa Makonde, imo katika eneo la TANECU pamoja na jirani yake Tandahimba.

Katika msimu wa 2024/2025 minada ya korosho ilianza kuendeshwa kwa njia ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Wakati huohuo Tume ya Maendeleo ya Ushirika imekuwa na mfumo wake wa MUVU, ambao vyama vya ushirika huutumia kutunza na kutuma taarifa zao. Bodi ya Korosho nayo ina orodha ya wakulima, na benki zina akaunti zao.

Kauli kwamba mifumo ya umma sharti "isomane" imekuwa ikisikika mara nyingi katika hotuba za viongozi. Ni kauli sahihi. Hata hivyo, mifumo haisomani kwa sababu tu imeunganishwa kwa waya au kwa intaneti. Watu wawili wanaweza kuunganishwa kwa simu na bado wasielewane, iwapo kila mmoja anazungumza lugha yake.

Makosa madogo, hasara kubwa

Tuchukue mifano michache ya kufikirika, ambayo mtayarishaji yeyote wa programu huijua kwa namna yake.

Mfano wa kwanza ni uzito wenyewe. Programu ya chama cha msingi inaweza kuandika uzito wa korosho pamoja na gunia, na ile ya ghala ikaandika uzito wa korosho peke yake. Zote mbili zinaita tarakimu hiyo "uzito". Tukichukulia kwamba gunia tupu lina kilo moja, mzigo wa magunia 1,000 utatofautiana kwa kilo 1,000. Kwa bei ya Sh3,000 kwa kilo, hiyo ni Sh3 milioni ambazo mtu atalazimika kuzitolea maelezo mbele ya mkutano wa wanachama, ingawa hakuna aliyeiba.

Mfano wa pili ni ubora. Katika biashara ya kimataifa ya korosho ghafi, kiasi cha kiini kinachotarajiwa hupimwa kwa ratili kwa kila gunia la kilo 80. Korosho zenye kipimo cha 50 ni zile zinazotoa ratili 50 za kiini, ambazo ni karibu kilo 22.7. Programu itakayopokea tarakimu 50 na kudhani ni kilo, au kudhani ni asilimia, itatoa picha ya mzigo usiokuwapo duniani.

Mfano wa tatu ni namba ya kitambulisho cha taifa. Namba ya NIDA ina tarakimu 20: nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa, zikifuatiwa na tano za eneo na kisha nyinginezo. Karani akiibandika namba hiyo kama namba ya kawaida katika programu ya Excel, programu hiyo hutunza tarakimu 15 tu, na tano za mwisho hugeuka sifuri.

Athari yake si ndogo. Wakulima wawili waliozaliwa siku moja na kuandikishwa katika eneo moja wanaweza kuonekana mtu mmoja. Hata programu kubwa haziko salama, kwa sababu nafasi ambayo nyingi hutumia kutunzia namba kamili ina ukomo wa tarakimu 19. Namba ya NIDA inatakiwa itunzwe kama maandishi, wala si kama namba ya kukokotolewa. Hilo lisipoandikwa mahali na kusimamiwa, kila mtayarishaji ataamua lake.

Mfano wa nne ni tarehe. Maandishi "03/10" kwa Mtanzania ni tarehe 3 Oktoba, msimu ukianza. Kwa programu iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani ni Machi 10, msimu ukiwa umekwisha.

Aidha, kuna majina. Karani mmoja anaandika Saidi, mwingine Said. Mmoja Hamisi, mwingine Khamis. Kwa binadamu hao ni mtu yuleyule. Kwa kompyuta ni watu wawili, na mmoja wao hana akaunti ya benki.

Wakulima wa ukanda huu wanajua uzito wa kumbukumbu kuliko watu wengi. Novemba 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho zote kwa Sh3,300 kwa kilo, malipo yaliambatana na uhakiki wa wakulima, na wapo waliosubiri kwa miezi. Tukio lile lilikuwa na sababu zake nyingi na halikuwa suala la programu za kompyuta. Lakini lilionyesha jambo moja bayana: kumbukumbu isipoaminika, mwenye mali ndiye anayesubiri.

Zana hizi ni nini?

Programu kubwa haiandikwi kama barua moja ndefu. Hugawanywa katika sehemu zinazojitegemea, ziitwazo moduli. Moduli moja hupokea mizigo, nyingine hukokotoa makato, nyingine huandaa orodha ya malipo. Mtayarishaji wa moduli ya malipo hana haja ya kujua yote yaliyomo katika moduli ya mapokezi, ila lazima ajue itampa nini na kwa sura gani.

Kwa miaka mingi maelezo hayo yaliandikwa katika majarida ya pembeni, yakawekwa kabatini na kusahaulika. Programu ilibadilika, jarida likabaki vilevile. Mtaalamu mashuhuri wa Marekani, Donald Knuth, alipendekeza mwaka 1984 kwamba programu na maelezo yake yaandikwe pamoja, kama maandishi ya kusomwa na binadamu.

Wazo la kuweka maelezo karibu na msimbo lilienea. Lugha ya Java ilipotoka katikati ya miaka ya 1990 iliambatana na zana iitwayo Javadoc. Mtayarishaji huandika maelezo mafupi juu ya kila sehemu ya msimbo kwa utaratibu maalumu, na zana hiyo huyakusanya na kuyageuza kurasa nadhifu za kusomwa. Mwaka 1997 ilifuata Doxygen ya Dimitri van Heesch, inayohudumia lugha kadhaa. Watumiaji wa Python wana Sphinx, iliyotolewa mwaka 2008, na wale wa PHP wana phpDocumentor.

Kwa mifumo inayozungumza kupitia intaneti kuna kiwango cha OpenAPI, kilichotokana na mradi wa Swagger na ambacho tangu 2015 kimekuwa chini ya mwavuli wa Linux Foundation. Hapa maelezo huandikwa katika faili moja linalosomeka kwa binadamu na kwa kompyuta pia: taarifa gani inapokelewa, kila kipengele ni cha aina gani, kipi ni cha lazima, na jibu litakuwaje.

Kutoka maelezo hadi usimamizi

Faida ya kwanza ya zana hizi inaonekana wazi: nyaraka zinazokwenda pamoja na programu. Faida ya pili haitajwi sana, nayo ndiyo kiini cha makala haya. Zana inayosoma maelezo inaweza pia kuyakagua.

Mtu wa Masasi hatapata shida kuelewa tofauti hiyo. Kuandika ukutani kwamba "kilo moja ni gramu 1,000" ni jambo moja. Ofisa wa Wakala wa Vipimo kufika ghalani, kuukagua mzani na kuuwekea alama au kuukataa ni jambo jingine. Ununuzi wa kangomba, ule unaofanyika nje ya utaratibu na aghalabu kwa vyombo visivyo rasmi, haukosi wateja kwa sababu watu hawajui kilo ni nini. Hustawi pale ambapo hakuna anayekagua.

Katika programu, ukaguzi huo hufanyika hivi. Timu hukubaliana kwanza juu ya kanuni. Kwa mfano: kila kipengele cha uzito lazima kieleze kipimo chake na kama gunia limeondolewa, kila tarehe iandikwe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi na siku kama kiwango cha kimataifa cha ISO 8601 kinavyoelekeza, namba ya NIDA iwe maandishi ya tarakimu 20 kamili, kila moduli itaje nani anaitunza.

Kisha kanuni hizo huingizwa katika zana. Kila mara mtayarishaji anapotaka kuingiza kazi yake katika programu kuu, zana huisoma kwanza. Ikikuta sehemu isiyo na maelezo, au maelezo yanayotaja vipengele vitatu wakati msimbo una vinne, kazi hiyo hurudishwa. Java yenyewe iliongeza ukaguzi wa namna hii katika toleo la 8 la mwaka 2014, ambapo Javadoc ilianza kukataa maelezo yenye kasoro.

Kwa OpenAPI hatua huwa kubwa zaidi. Kutokana na faili lilelile la maelezo, zana zinaweza kutengeneza majaribio yanayotuma taarifa za mfano na kulinganisha majibu. Moduli ikiahidi kutoa kilo na ikatoa maandishi matupu, hilo hugundulika kabla msimu haujaanza, wala si siku ya malipo.

Jambo jingine linalostahili kuandikwa ni lile la mtandao kukatika. Karani wa kijijini anatuma taarifa ya mzigo, intaneti inapotea kabla ya jibu, naye anatuma tena. Je, mfumo utahesabu mizigo miwili? Maelezo mazuri hutamka kwamba kila mzigo uwe na namba ya pekee, na kwamba namba ikifika mara ya pili isihesabiwe upya. Lisipotamkwa, kila mtu hudhani mwenzake amelishughulikia.

Funzo kutoka anga za Mars

Mfano unaotajwa zaidi duniani kuhusu jambo hili ni wa chombo cha Mars Climate Orbiter cha shirika la anga la Marekani, NASA. Septemba 23, 1999 chombo hicho kilipotea kilipokuwa kikiifikia sayari ya Mars.

Uchunguzi ulibaini kwamba programu moja ya duniani, iliyotayarishwa na kampuni ya Lockheed Martin, ilikuwa ikitoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza vya ratili, wakati programu iliyozipokea ilitarajia vipimo vya metriki. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ni takriban mara 4.45. Chombo chenyewe kiligharimu kiasi cha dola milioni 125.

La kuzingatia ni kwamba waraka wa makubaliano baina ya programu hizo mbili ulikuwapo, na ulitaka vipimo vya metriki. Kilichokosekana ni ukaguzi wa kulinganisha waraka na kile ambacho programu ilikuwa ikitoa kwa kweli.

Mfano wa karibu zaidi

Si lazima kwenda angani. Katika sekta ya afya, hospitali ya Mkomaindo mjini Masasi, hospitali ya Newala pamoja na zahanati za vijijini hutoa taarifa kupitia mfumo wa taarifa za huduma za afya, maarufu kwa jina la MTUHA. Wizara ya Afya hupokea takwimu hizo kupitia DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameshiriki kuijenga na kuisambaza nchini.

Katika DHIS2 kila takwimu husajiliwa kwanza kabla ya kukusanywa. Hupewa jina, kifupi, maelezo na aina ya thamani inayoruhusiwa, kwa mfano namba kamili isiyo hasi. Huwekwa pia kanuni za uhakiki, kama vile watoto waliopewa dozi ya tatu ya chanjo kulinganishwa na waliopewa ya kwanza. Kwa njia hiyo "mahudhurio ya kwanza ya kliniki" yaliyohesabiwa Newala yanaweza kujumlishwa na yale ya Masasi bila kuchanganya mambo mawili tofauti.

Huo ni uthibitisho kwamba ufafanuzi ukiwekwa ndani ya mfumo wenyewe, kiwango hakitegemei kumbukumbu ya mtu mmoja ofisini.

Yasiyotibiwa na zana

Hata hivyo, zana hizi zina mipaka yake. Zinaweza kuhakikisha kwamba kipimo kimetajwa, lakini haziwezi kujua kama kimetajwa kwa ukweli. Mtayarishaji mvivu anaweza kuandika "huu ni uzito" juu ya kipengele kiitwacho uzito, na zana ikaridhika. Kwa sababu hiyo jicho la binadamu, yaani mwenzake anayesoma kazi kabla haijapokewa, bado linahitajika.

Vilevile zana haiwezi kuamua nani ana mamlaka ya kusema "kilo" maana yake nini. Hayo ni makubaliano baina ya taasisi. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 iliipa Mamlaka ya Serikali Mtandao jukumu la kusimamia viwango na miongozo ya mifumo ya taasisi za umma, na mamlaka hiyo imejenga mfumo wa pamoja wa kubadilishana taarifa. Lakini ujuzi wa gunia, daraja na unyevu wa korosho haupo Dodoma. Uko kwa makarani, wapima ubora na watunza maghala.

Lipo pia suala la lugha. Nyaraka nyingi za programu huandikwa kwa Kiingereza, ilhali anayeingiza taarifa anafanya kazi kwa Kiswahili, na nyumbani huenda anazungumza Kimakonde, Kimakua au Kiyao. Hakuna kizuizi cha kiufundi kinachozuia maelezo ya vipengele kuandikwa kwa Kiswahili. Zana zote zilizotajwa hapa hupokea maandishi ya lugha yoyote. Kamusi fupi ya taarifa kwa Kiswahili, iliyotokana na faili lilelile linaloikagua programu, ingemwezesha karani kuona kosa ambalo mhandisi hawezi kuliona.

Maswali ya kuuliza kabla ya kununua

Kwa chama cha ushirika au halmashauri inayotaka kutengenezewa mfumo, elimu hii ina matumizi ya moja kwa moja. Yapo maswali manne yanayofaa kuulizwa kabla ya mkataba kutiwa saini.

La kwanza: je, nyaraka za kila moduli ni sehemu ya kazi inayokabidhiwa na kulipiwa, au ni hisani ya mkandarasi? La pili: je, maelezo hayo hukaguliwa na zana kila programu inapobadilishwa, na matokeo ya ukaguzi yanaonekana kwa mnunuzi? La tatu: je, vipimo, tarehe na namba za utambulisho vimefafanuliwa kwa namna ambayo mfumo mwingine unaweza kuvisoma? La nne: mkandarasi akiondoka, mtu mwingine anaweza kuendeleza kazi kwa kusoma kilichoachwa?

Chama kikishindwa kupata majibu ya maswali hayo, kitakuwa kimenunua mfumo ambao funguo zake ziko mfukoni mwa mtu mmoja. Siku mtu huyo akipata kazi kwingine, wanachama watarudi kwenye daftari.

Gharama ya kufanya hivyo si kubwa. Javadoc, Doxygen, Sphinx na zana kadhaa za OpenAPI hupatikana bila malipo. Kinachogharimu ni muda wa watu kukaa pamoja na kukubaliana maana ya maneno wanayoyatumia kila siku.

Mkulima wa Newala hatauliza kama programu ya chama chake ina maelezo yaliyokaguliwa. Atauliza kwa nini stakabadhi yake inasema kilo 412 na benki inasema 404. Kama kilo nane hizo ni uzito wa magunia, inapaswa iwe imeandikwa mahali tangu siku ya kwanza, kwa maneno ambayo karani anaweza kumsomea palepale dirishani.